Picha Namba Nne

Ukitaka kujua watu wa mjini wanapenda mti gani, usiwaulize. Mimi niliwauliza mia nne na kumi, mmoja mmoja, kwa fomu na kalamu ya ofisi, na mpaka leo nikiona mtu ameshika fomu barabarani navuka upande wa pili.

Nilikuwa karani wa dodoso katika idara ya bustani na barabara za mji. Mkataba wangu ulikuwa wa miezi mitatu mitatu, umeshaongezwa mara tano, na kila ukikaribia kwisha nilikuwa nasalimia hata paka wa ofisini kwa heshima, maana hujui nani ana sauti huko juu. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya karakana ya magari ya taka. Mlango haufungi, dirisha halifunguki. Mkuu wetu tulimwita Bwana Sampuli. Jina alijitafutia mwenyewe, kwa sababu neno hilo halikumbanduka mdomoni; hata akimenya chungwa, kipande cha kwanza alikiita sampuli.

Siku moja akatuita, akasema barabara nne za mji zitatengenezwa upya na safari hii wananchi ndio watakaochagua miti. Kila mtu ataonyeshwa picha tano. Ataonyesha mti anaoupenda kuliko yote, na ataonyesha asioutaka kabisa. Mti utakaopendwa zaidi utapandwa barabara nzima. Mti utakaokataliwa na zaidi ya nusu utang'olewa popote ulipo. Kanuni ilikuwa fupi kiasi hicho, na mimi niliielewa haraka kuliko wenzangu, kwa sababu moja ya barabara hizo nne ilikuwa ya kwetu.

Mama yangu ni fundi cherehani. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa anakaa chini ya mti wa mkungu uliokuwa mbele ya duka lililofungwa, hatua chache kutoka chumba tunachopanga. Asubuhi alikuwa anatoa cherehani, anatoa kigoda, anatundika nguo zilizokwisha kwenye kamba aliyofunga toka shinani mpaka kwenye nondo ya dirisha, na kazi inaanza. Ule mkungu ulikuwa na matawi mapana yaliyotandazwa kama mikeka, moja juu ya jingine, na chini yake hata saa saba mchana ulikuwa unaweza kutunga uzi bila kukunja uso. Ndani kwetu hakuna mwanga wala nafasi. Ukiingiza kitanda na meza, mtu wa tatu asimame mlangoni. Kwa hiyo mti ule ndio ulikuwa duka la mama, na duka lile ndilo lililonisomesha. Mti ukiondoka, mama hana pa kushonea. Sikuhitaji mtaalamu wa kunifafanulia hilo.

Sasa nikwambie ujinga wangu ulipoanzia. Picha nilipiga mimi. Bwana Sampuli alinipa kamera ya ofisi siku ya Jumatano na kuzitaka picha Ijumaa. Nilitembea juani kutafuta mwarobaini, nikatafuta mjohoro, nikatafuta mjakaranda, na nilipofika zamu ya mkungu miguu ilikuwa imevimba, nikasema si tunao nyumbani. Nikaenda nikapiga wetu. Tatizo ni kwamba mkungu una tabia yake: unavua majani yote kwa pamoja, unakaa uchi wiki mbili tatu, kisha unavaa upya kama hakuna kilichotokea. Wiki ile wetu ulikuwa uchi. Mama alikuwa amehamia ukutani kwa muda, kigoda chake kimebaki shinani. Nikapiga hivyo hivyo. Ningeweza kutafuta mkungu mwingine mtaa wa tatu, maana kila mmoja una siku zake, lakini nilichoka, na aliyechoka hujipa ruhusa nyingi.

Mti wa tano, mtende wa mapambo, haukuwepo mjini kwetu. Picha yake ilikatwa kwenye kalenda ya kampuni ya rangi. Anga buluu, barabara imefagiliwa, na mtende umesimama wima kama mtu anayepigwa picha ya harusi. Kisha Bwana Sampuli akaagiza picha zote zikatwe kingo, ubaki mti mtupu, na majina yafutwe, ziwe na namba tu, ili mtu achague kwa macho yake na si kwa mazoea. Mkungu ukawa namba nne. Nilipoziona zimebandikwa kwenye kadi ngumu, namba nne ikiwa fimbo tupu imezungukwa na fito, nilishtuka. Nikamfuata.

"Mkuu, huu mti hauko hivi. Hapa umevua tu. Nikapige tena?"

"Unakuwa hivi au hauwi?"

"Unakuwa, ila wiki mbili tu."

"Basi ni sampuli halali. Na picha zimeshapitishwa." Akarudi kwenye chungwa lake.

Nikaona isiwe taabu, nitaukoa mwenyewe. Nikaomba nipangiwe mtaa wetu. Fomu ya kazi ilikuwa na swali: una ndugu anayeishi au kufanya kazi katika mtaa huu? Nikaandika hapana, nikajaza anwani ya shangazi. Nilidhani nimekuwa mjanja.

Tulipoanza, mkungu ulikuwa umeshavaa. Majani mapya, mapana, yanang'aa. Na hapo ndipo nilipowafahamu wananchi.

Mwenye gari jeupe alitoka na taulo begani. Alitaka mti usio na ndege, kwa sababu ndege wanamchafulia gari, na gari lenyewe analiegesha chini ya mkungu kila siku ili lisipate joto. Mwenye duka la simu alitaka mti usioziba bango lake. Mwalimu mstaafu alitaka maua lakini si maua yanayodondoka. Mama mmoja wa ghorofani alinikaribisha hadi sebuleni, akanipa maji, akaniambia kwa upole kabisa kwamba kivuli hakifai mjini.

"Kivuli kinaleta watu," alisema. "Ukiweka kivuli, kesho utakuta wamekaa."

Nikaandika: mhojiwa hapendi kivuli. Kutoka dirishani kwake nilimwona mama yangu amekaa.

Karibu wote walionyesha mtende wakasema huo, huo ni msafi. Na karibu wote walionyesha namba nne wakasema hapana. Mmoja aliuita wa makaburini. Fundi viatu, jirani wa mama wa miaka yote, anayeegemeza mgongo shina lile lile akigonga soli, aliiangalia picha akacheka. "Huu umepigwa radi? Msituletee huu." Nilimwambia aangalie vizuri. Akasema ameangalia, kwani yeye kipofu? Nikaweka alama penye namba nne.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia. Kanuni ya kwanza ya karani ni kwamba usimwongoze mhojiwa. Usitaje jina la mti, usitikise kichwa, usiweke kidole. Kila fomu ilikuwa na namba ya simu ya mhojiwa, na ofisini kulikuwa na mtu kazi yake ni kupiga na kuuliza: karani alikwambia chochote? Mwenzetu mmoja alimwambia mhojiwa kwamba mjohoro ni mzuri kwa mafua, na wiki ile ile akamwaga unga. Mkataba wangu ulikuwa umebaki na siku ishirini na nane. Nilijipa moyo kwamba wanaokaa chini ya mti bado sijawafikia wote, na kwamba walau mmoja angeutambua.

Siku ya tatu Bwana Sampuli akaja kukagua. Alivaa suti na viatu vya mpira. Tukawa tunahesabu watu barabarani, kila wa tano anahojiwa. Mmoja alikuwa muuza vocha, akafuata mpita njia, akafuata dada mwenye ndoo, akafuata fundi viatu ambaye nilishamhoji. Wa tano alikuwa mama yangu.

"Huyu fundi cherehani," alisema Bwana Sampuli. "Twende."

Asubuhi ile ile nilikuwa nimekunywa chai na mama kikombe kimoja, maana kingine kilivunjika. Sasa nikasimama mbele yake na kitambulisho shingoni. Alimwona yule mtu nyuma yangu, akaniona mimi nilivyoshika fomu kwa mikono miwili, na mama yangu si mtu wa kuelezwa jambo mara mbili. Akajua hapa natakiwa kuwa mgeni.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nguo?"

"Hapana mama. Tunatoka idara ya bustani na barabara. Tunaomba maoni yako kuhusu miti."

"Haya, karibuni. Mimi sina elimu ya miti lakini macho ninayo." Akafuta mikono kwenye kanga, akatengeneza sura ya mtu aliyeitwa shuleni kwa mkuu. Aliigiza vizuri mpaka nikaona fahari. Alinitengenezea ajira yangu pale pale, mbele ya bosi wangu, bila kuulizwa.

Simu ya Bwana Sampuli ikaita. Nikazipanga kadi tano juu ya meza ya cherehani, moja baada ya nyingine, juu ya sketi iliyokuwa haijapindwa. Kivuli cha mkungu kilikuwa juu ya kadi zote.

"Upi unaupenda kuliko yote?"

Mama akaziangalia kwa zamu. Alitaka kunisaidia, nilimwona. Alitaka kujibu haraka, jibu safi, ili mtoto wake aonekane anajua kazi. Akaweka kidole kwenye mtende. "Huu. Unapendeza."

"Na upi huutaki kabisa?"

Hapo nikasubiri. Nilisubiri autambue. Miaka ishirini na sita, nikasema moyoni, haiwezekani asiujue. Kumbe mama aliujua mti ule kutoka chini. Alijua unavyosikika mvua ikianza, alijua tawi gani linaacha jua lipite saa kumi, alijua kungu zinavyodondoka na kuparuza bati la jirani. Hakuwa amewahi kusimama mbali akautazama kama picha, tena uchi, tena umekatwa kingo. Nani anatazama paa la nyumba yake?

Kidole chake kilipita namba moja, namba mbili, namba tatu. Kikafika namba nne kikagonga mara mbili.

"Huu umekufa," akasema. "Utoeni kabla haujamwangukia mtu."

Bwana Sampuli alikuwa amerudi. "Safi sana," akasema. "Hiyo ndiyo sauti ya mwananchi. Iandike kama ilivyo, usipunguze neno."

Nikaandika. Mwandiko wangu ni mzuri, mama ndiye aliyenifundisha kushika kalamu, na niliyaandika maneno yake yote bila kupunguza hata moja.

Wiki tatu baadaye matokeo yakatoka. Mtende wa mapambo, asilimia sabini na mbili. Namba nne ilikataliwa na asilimia themanini na moja, na ripoti ikaingiza nukuu ya fundi cherehani kwenye ukurasa wa pili, ndani ya kisanduku. Wakubwa walifurahi. Walisema kwa mara ya kwanza tumewasikiliza watu. Mimi nikapewa barua ya ajira ya kudumu, yenye mhuri wa zambarau. Niliisoma chooni mara mbili, na sitadanganya, nilifurahi. Halafu nikaona aibu, lakini furaha ndiyo iliyotangulia.

Siku ya kukata walikuja watu watatu na msumeno wa mashine, na mimi nikatumwa kushuhudia na kuweka tiki. Mama alikuwa amefunika cherehani kwa shuka na kuisogeza mlangoni. Alidhani wanapunguza matawi.

"Mnakata wote?" akamuuliza mwenye msumeno.

"Wote mama. Mpaka shina."

"Kwani nani kasema ukatwe?"

"Wananchi."

Mama akacheka, cheko la mtu aliyeambiwa jambo la kitoto. "Mimi si mwananchi? Mimi nilisema lini?" Akanigeukia mimi, safari hii bila kuigiza. "Wewe, hebu waambie. Kwenye picha zako mkungu haukuwepo. Ungekuwepo si ningeuchagua?"

Nilikuwa na tiki tano za kuweka. Nikaweka ya kwanza. "Ni uamuzi wa huko juu, mama," nikasema, kwa sauti ya ofisi. Yule kijana wa msumeno akavuta kamba, mashine ikaunguruma, na baada ya hapo hakuna aliyesikia mwenzake.

Mitende ikaja kwenye lori, imefungwa magunia miguuni. Ikapandwa kwa mstari, sawia, na ni kweli inapendeza. Kivuli chake ni duara dogo linalotosha kuku. Mwenye gari jeupe alikuwa wa kwanza kulalamika. Usukani unamuunguza mikono, akataka idara ifanye kitu. Fundi viatu alihama, sijui alikoenda. Mama alianza kufuata kivuli cha nguzo ya umeme. Asubuhi anakaa upande huu, ikifika saa nne anainua cherehani na kuihamisha, saa sita kivuli kinakwisha kabisa na yeye anaingia ndani kusubiri jua lipungue. Nguo zilizotundikwa zilipauka, wateja wakagomba. Mwishowe akahamia ndani moja kwa moja, akashona kwa taa, na macho yakaanza kumtoka machozi. Akitunga uzi alikuwa ananiita mimi. Nilimnunulia mwavuli mkubwa kwa mshahara wangu wa kudumu, upepo ukaugeuza siku ya pili.

Hakuwahi kunilaumu. Alimlaumu "huyo wa huko juu". Jioni akipika alikuwa akimtukana kwa utaratibu, matusi madogo madogo, na mimi nilikuwa nakata vitunguu kando yake na kuitikia.

Ingeweza kuishia hapo, tungeendelea kuitikiana mpaka mmoja wetu afe. Lakini idara ikaweka bango.

Tulikuwa tunapeleka sare za shule ya jirani, mimi nimebeba furushi, yeye anatangulia mkono juu ya macho kuzuia jua. Bango lilikuwa jipya, limesimamishwa mwanzo wa barabara, kubwa kuliko mlango wetu. Mtaa mliouchagua, liliandikwa. Chini yake picha mbili: kabla, na baada. Ya baada ilikuwa mitende. Ya kabla ilikuwa namba nne, ila aliyetengeneza bango hakutumia kadi yetu. Alitumia picha nzima kama nilivyoipiga, pamoja na kingo zake zote.

Mama alisimama. Anasoma taratibu, kwa midomo, na nilisubiri midomo ile ifike chini. Maneno yalikuwa ndani ya alama za kunukuu, meupe juu ya kijani. Huu umekufa. Utoeni kabla haujamwangukia mtu. Fundi cherehani, mtaa huu.

Akarudi kwenye picha. Akaisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa bati.

"Hiki kigoda changu," akasema.

Nikalishika furushi kifuani kwa mikono miwili.

"Na hii kamba yangu. Hii nondo ya dirisha." Alikuwa anagusa kimoja kimoja kwa kidole kile kile. "Picha hii nani kapiga?"

"Mimi."

"Na siku ile, nilipokuwa nachagua, ulijua ni huu."

"Nilijua, mama."

Watu walipita. Mmoja akamsalimia, hakuitikia, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. Nilimsubiri apandishe sauti. Ningeshukuru.

"Ungenikanyaga mguu tu," akasema. "Chini ya meza. Ningeelewa."

"Mkuu alikuwepo, mama. Alikuwa nyuma yangu, ananikagua."

"Alikuwa anaongea na simu," akasema mama. "Alikupa mgongo. Mimi nilikuwa nimemkabili, nilimwona. Alirudi nilipokuwa nimeshasema."

Ilikuwa kweli. Nimeisimulia hadithi hii kichwani mara nyingi, na kila mara nilimweka Bwana Sampuli begani kwangu, anapumua shingoni. Hakuwepo. Palikuwa na mimi na mama yangu na kadi tano, na mguu wake ulikuwa karibu na wangu, ndani ya ndala za bluu, kwenye kanyagio la cherehani.

Mama akanyoosha mikono akachukua furushi la sare toka kifuani kwangu, taratibu, kama mtu anayepokea mzigo kwa karani asiyemfahamu. "Ahsante, mwanangu," akasema, kwa sauti ile ile ya siku ile. Akavuka barabara kwenda upande wenye ukuta, akaenda zake. Mimi nikabaki chini ya bango, juani, mfanyakazi wa kudumu.